Mgongo wa Papa na Miguu Yangu

Jumatatu, kwa mtaalamu wa uti wa mgongo, papa mmoja, baba mtu mzima, aliingia amekunjika, mkono kiunoni. Jumamosi anamwoza binti yake, lazima acheze mbele ya wakwe.

Mtaalamu akanyoosha mikono. Papa akamzuia. "Docteur, ulizaliwa kichwa mbele ao miguu mbele?"

"Kichwa, papa."

"Alors usiniguse. Mugongo inapona ikikanyagwa na mutu aliyezaliwa miguu mbele."

Diploma tatu zilizokuwa ukutani hazikumsaidia. Mtaalamu akatugeukia sisi wagonjwa benchini: "Nani hapa alizaliwa miguu mbele?"

Papa akalala kifudifudi, na mimi, mama msomi wa chuo kikuu, ninayecheka mambo haya kila wiki lakini niliyezaliwa miguu mbele, nikavua viatu, nikamkanyaga mgongoni.

Papa akasimama wima. Sijui kama alinyooshwa na miguu yangu au na hofu ya wakwe.

Mtaalamu akaninong'oneza: "Mama, Jumanne uko na nafasi?"