Mguu wa Nne wa Maringo

Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika. Mtaa mzima, kuanzia kinyozi wa kona mpaka watoto wa shule, walimwita Kwanini, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa fundi wa kwato, yaani yule anayezipunguza kwato za farasi kwa kisu, akazisawazisha kwa tupa, kisha akazipigilia viatu vya chuma. Kazi hiyo alifundishwa na mjomba wake, mtu mkali asiyependa maswali, na Mungu ndiye anayejua mjomba yule alistahimili vipi. Kwanini farasi huyu anatetemeka kabla hajaguswa? Kwanini yule anataka aanzwe upande wa kulia? Mjomba akifoka, "Fanya kazi," binti anafanya kazi, na akimaliza anaendelea kuuliza palepale alipokatizwa.

Mume wake alikuwa mshonaji, cherehani yake imewekwa chumba cha mbele, na wageni waliomtafuta mkewe walipita kwake kwanza. "Yuko chini ya farasi," aliwaambia huku anapitisha uzi kwenye sindano. "Kaeni. Atatoka na jibu."

Kwanini alikuwa na mtindo mmoja uliowaudhi watu. Akiitwa kwa farasi msumbufu, hamgusi. Anaomba mwenyewe amshike kama anavyomshika siku zote, na yeye anasimama kando, mkoba wa zana begani, anatazama. Wako waliomuuliza kama wamemwita afanye kazi au aje kukodoa macho. Hakujali. Aliamini kuwa farasi hana siri, siri anayo mwenye farasi, na mara nyingi mwenyewe haijui.

Hivyo ndivyo alivyofika kwa Mzee wa Mikate.

Mzee huyu alikuwa na tanuri nyuma ya nyumba yake. Yeye na binti yake wa pekee walioka usiku, na asubuhi mikate ilizungushwa mitaani kwa gari dogo lililovutwa na farasi jike mwekundu aliyeitwa Maringo. Mama yake Maringo alikufa siku ileile ya kumzaa. Mzee akamnywesha maziwa kwa chupa, akalala naye bandani wakati wa baridi, akamlea kama babu anavyolea mjukuu, maana yake hakumnyima kitu. Sasa Maringo alikuwa anachechemea. Ukwato wake wa nyuma, upande wa kulia, ulikuwa na jipu ndani, na hakukubali mtu yeyote aushike.

Daktari wa mifugo ndiye aliyeagiza fundi aitwe. Alikuwa amesimama uani, mtu wa haraka lakini mwenye roho nzuri. "Sindano ya usingizi naweza kumpa leo, tukalitumbua," alisema. "Ila kidonda kitataka kuoshwa na kufungwa asubuhi na jioni kwa wiki kadhaa. Siwezi kumlaza farasi kila siku. Kama hatoi mguu kwa hiari yake, usaha utapanda mpaka mfupani, na hapo nitarudi na sindano ya namna nyingine."

Hakuna aliyeuliza hiyo nyingine ni ipi. Mzee aligeuza uso akatazama tanuri.

"Nionyeshe, baba," Kwanini alimwambia. "Fanya kama siku zote."

Mzee alianzia mbele, kushoto. Maringo akauinua mguu kabla hajaombwa. Mbele kulia, vivyo hivyo. Nyuma kushoto akautoa kwa adabu zake zote, Mzee akaukwangua uchafu, akaushusha. Alipouzunguka mkia kwenda upande wa mwisho alikuwa anahema, mkono mmoja umeshika mgongo. Akaugusa mguu wa nne. Maringo akauvuta. Mzee akauachia, akampapasa tumbo.

"Basi, mama, basi. Imetosha."

Kwanini alikunja uso kama mtu aliyesikia wimbo umerukwa ubeti. "Ndivyo siku zote?"

"Ndivyo."

"Hata kabla hajaugua?"

"Huo mguu hajaupenda tangu utotoni. Mkaidi tu huyu."

"Kwanini?"

"Fundi, ukaidi una kwanini?"

"Hebu rudia tena," fundi alisema.

Mzee akarudia, na mara hii Kwanini hakutazama miguu ya farasi, alitazama ya Mzee. Maringo alikuwa akimwegemea kwa bega, taratibu, huku ananusa mifuko ya koti lake kutafuta maganda ya mkate, na Mzee alikuwa akirudi nyuma huku anaongea. Bega likija, yeye anampisha. Kichwa kikija, anampisha. Alipomaliza, fundi alimuuliza, "Ulipoanza ulikuwa umesimama wapi?"

"Pale kwenye ndoo."

"Na sasa?"

Mzee akageuka, akakuta kisogo chake kinakaribia kugonga ukuta wa banda. Binti yake aliyekuwa mlangoni alijiziba mdomo kwa kanga. Hata daktari alikohoa.

Kwanini hakucheka. Jambo lilikuwa limemfunukia, nalo lilimfurahisha kama fumbo linapofumbuka. "Baba, huyu si mkaidi. Huyu ni mwanafunzi hodari kuliko wote niliowahi kuwaona. Kila siku unaanzia mguu uleule, kila siku unafika wa mwisho umechoka, akiuvuta unamwachia na unampapasa. Wewe umemfundisha kuwa farasi ana miguu mitatu, naye ameshika."

"Sijamfundisha kitu mimi," Mzee alisema, na sauti yake ilikuwa na hasira. "Namwonea huruma. Amekunywa maziwa mkononi mwangu."

"Huruma nayo inafundisha."

"Mwambie, fundi," binti alidakia. "Mimi nikisema naambiwa nina roho mbaya. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

Mzee alimtazama binti yake, kisha akautazama ule mguu uliovimba. Hakuwa mjinga. Alikuwa mtu mpole tu, aliyeishi maisha yake yote akiwapisha wengine, na hakuwahi kufikiri kuwa upole unaweza kumtia farasi kaburini. Alipouliza, aliuliza kwa sauti ndogo. "Nguvu za kumshika mimi sina. Nitafanyaje?"

"Nguvu hazihitajiki. Ungekuwa na nguvu za watu kumi bado yeye angekushinda. Omba kidogo, lakini hicho kidogo ukipate."

Wakaanza na kusimama. Kwanini alimsimamisha Mzee kando ya ndoo na kumwambia asisogee. Bega likija, ainue kiganja, aseme "nyuma", neno moja, sauti moja, na Maringo akirudi hata nusu hatua, anyamaze na ashushe mkono. Mara ya kwanza Mzee alisema "nyuma, mama yangu, tafadhali", na Maringo akaendelea kumpekua mifuko. Koti likavuliwa, likatundikwa nje. Baadaye farasi alirudi nyuma hatua moja, akasimama, masikio mbele, anamtazama bwana wake kana kwamba ndiyo kwanza wanafahamiana.

Kisha wakaingia kwenye mguu, na safari hii wakaanza na ule wa nne, wakati mgongo wa Mzee ungali mzima. Hawakuomba uinuliwe. Waliomba tu uzito utoke juu yake. Ukitoka, mkono unaondoka. Halafu kisigino kinyanyuke kidogo. Halafu ukwato wote, kwa muda wa pumzi moja. Sharti lilikuwa moja, kwamba anayeushusha ni mtu, si farasi. Maringo akiuvuta, mkono unaufuata huko uendako bila ugomvi, na hauachii mpaka utulie. Ilichukua muda mrefu, na daktari alikwenda kwingine akarudi. Mguu ulikuwa unauma, na ilibidi wamwombe kwa kiasi alichoweza kukitoa. Lakini jua lilipoelekea kuzama Maringo aliutoa, akauacha mikononi mwa Mzee, na Kwanini akapitisha kisu pale ukwato ulipokuwa na joto la jipu. Usaha mweusi ulitoka kwa nguvu, harufu yake ikamkimbiza binti uani. Maringo alishusha kichwa na kupumua pumzi ndefu.

"Asubuhi na jioni," daktari alisema.

"Namna ileile, maneno yaleyale," Kwanini aliongeza.

Siku chache baadaye alipita na mkoba wake, akaona bendeji iko kwenye majani, na ukwato umevimba upya. Mzee alikuwa amekaa juu ya gunia la unga, hakuinua macho. Binti ndiye aliyesema. Asubuhi zote Mzee alishika vizuri. Jioni alipokuwa hoi baada ya kazi za kutwa, farasi alivuta, naye akamwachia. Jana na juzi. Yeye binti hakutaka kumsemea baba yake, lakini mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwanini alikasirika, hasira ya kweli iliyompanda mpaka masikioni. Angependa kuuliza kwanini, na kwa mara moja maishani mwake hakuwa na haja, kwa sababu jibu lilikuwa limekaa mbele yake juu ya gunia, limechoka na lina aibu.

"Unampenda, baba?"

"Swali gani hilo?"

"Unampenda asubuhi. Nimeona. Mpende na jioni basi."

Mzee alinyanyuka. Alikwenda bandani kwa miguu mizito, akainama upande wa kulia, nyuma. Maringo akavuta. Mkono ukaufuata. Akavuta tena, kwa nguvu, na Mzee akayumba, akapiga goti, bila kuachia. Binti alikimbia mbele. "Baba, toka, nitamalizia mimi."

"Hapana," Mzee alisema.

Hakulisema kwa ukali. Binti alisimama alipokuwa, mikono hewani, hakujua aipeleke wapi. Jasho lilimtiririka Mzee kwenye nyusi, na Kwanini mwenyewe alijikuta ameukunja mkanda wa mkoba wake mpaka vidole vimekufa ganzi. Kisha mguu ukalegea. Mzee akauosha, akaufunga kwa utulivu wa mtu anayemvisha mtoto kiatu, akaushusha mwenyewe chini.

"Atapona?" aliuliza.

"Jioni hii amepona. Kesho jioni ni yako wewe."

Kwanini akaenda zake, na kesho yake hakurudi, wala keshokutwa. Hilo lilimgharimu kuliko kazi yoyote. Alikuwa mtu asiyeweza kuona mlango umefungwa bila kutaka kujua ndani kuna nini, na sasa alikaa nyumbani akinoa visu vilivyokwisha kunolewa. Alijua kwamba akienda, Mzee atakuwa anashika mguu kwa ajili ya macho ya fundi, na siku fundi asipokuja ataachia.

"Leo Kwanini hana kwanini," mume wake alisema juu ya cherehani.

"Ninayo. Inaniua."

"Basi nenda ukaangalie."

"Nikienda, nimemharibia."

Mume alimtazama, akaacha utani, akamsukumia shati lililotaka vifungo. Jioni zote zile alishona vifungo, ovyo kabisa, na mume wake alivifumua kimyakimya mkewe akishalala.

Zilipita wiki. Asubuhi moja, akiwa anafagia kizingiti, alisikia gari la mikate likiingia mtaani. Alisimama, ufagio mkononi, akasikiliza kwato juu ya mawe. Zililingana zote. Maringo alitokeza kwenye kona, Mzee amekaa mbele, amekonda kidogo. Gari lilisimama. Kwanini alimshukuru Mungu moyoni na kungoja, kwa sababu uso wa Mzee ulikuwa wa mtu aliyeleta mashtaka.

"Fundi, umenitia matatani," Mzee alisema.

"Kwanini?"

"Juzi nilishikwa na homa. Jioni ikafika, nikajifunika blanketi, nikasema kidonda kimeshafunga, leo basi. Binti yangu akaniita dirishani, akaniambia njoo uone." Alizichezea hatamu. "Saa yake ilikuwa imefika. Maringo amesimama bandani peke yake, mguu wa nne ameuinua, ananisubiri. Anachoka, anaushusha, anauinua tena."

"Ukafanyaje?"

"Niliona haya," Mzee alisema. "Nikajitanda blanketi, nikaenda kuushika."