Siku Niliyotangaza wa Kwanza

Watu wakinisifu leo kwamba nilianzisha shule ya namna mpya Likasi, nawaacha waseme. Mimi sikuanzisha kitu. Shule ya serikali nilikofundisha ilifungwa kwa mgomo, ikafunguliwa, ikafungwa tena, mpaka tukaacha kuuliza. Ubao wa darasa langu uling'olewa ukutani na mtu aliyehitaji mlango. Nami, mwalimu wa miaka kumi na minane kazini, mwenye fimbo yake na sauti ya kutisha mbuzi, nikabaki nyumbani nachambua sombe, majani ya muhogo.

Aliyeanza ni mama jirani. Alikuwa anakwenda shambani, akaniletea watoto wake watatu. "Madame, uniangarilie batoto, weye hauna kazi." Sina kazi! Nilitaka kumfukuza, lakini watoto walikwisha kukaa. Kufika mwisho wa mwezi walikuwa kumi na saba, chini ya paa la gereji ambamo hamkuwa tena na gari.

Sikuwa na ubao wala chaki. Siku ya kwanza niliwaambia wanyamaze, wakanyamaza. Halafu? Sikuwa na cha kuwaambia. Kwa hasira tu nikawauliza wao wanataka kujua nini. Mmoja akataka kujua kwa nini moshi wa kiwanda umepungua. Mwingine akataka kujua kama mama anayeuza unga sokoni anapima sawasawa. Tukatoka kwenda kuangalia. Ndivyo ilivyokuwa tangu siku ile: kila mtoto alichagua kazi yake asubuhi, na wakubwa waliwafundisha wadogo kwa sababu mimi sikuweza kuwa pande zote. Fimbo yangu ilipotea. Nadhani waliipikia maharagwe. Sikuuliza.

Desturi yetu ilikuwa moja. Asubuhi tulikaa kwa mviringo mkekani tukipitisha jiwe la malakiti, kijani, ukubwa wa yai. Mwenye jiwe mkononi anasema, wengine wote kimya, hata mimi. Akiwa nalo haruhusiwi kusema uongo, na haruhusiwi kunyamaza. Mtoto wa zamu alianza kila siku na swali lile lile: nani hayupo, na kwa nini? Malaria. Kilio kwa mjomba. Amekwenda kuchota maji. Tukishajua, tulianza kazi.

Miongoni mwao alikuwako msichana wa miaka kumi na miwili. Alikuwa amekaa miaka minne katika darasa la watoto sitini akinakili ubao. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, ila hakujua alichoandika. Kwangu, katika mwaka mmoja, alijua. Alisoma Biblia ya baba yake, maandishi ya magunia, hata gazeti lililofungia samaki, lenye mafuta na magamba. Nilimpenda kuliko wengine, na nilijitahidi isionekane.

Baba yake alikuwa fundi kiwandani. Kiwanda kilipolala, akaanza kuchimba mawe. Alikuwa mtu wa sala, mpole. Mwaka wa shule ulipokaribia kwisha, alikuja akasimama kwenye mlango wa gereji, kofia mkononi.

"Madame, proklamasyo ni lini?"

Kwetu mwaka wa shule hauishi bila proklamasyo. Wazazi wanavaa vizuri, majina yanasomwa kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, kila mmoja na asilimia yake, na wa mwisho analia mbele ya watu.

"Papa, hapa hatuna wa kwanza."

"Kila fasi kuko wa kwanza, Madame." Akatazama kofia. "Minye niko na batoto babili benye kumaliza primaire. Nguvu yangu ni ya moja tu kwenda kusoma secondaire kule Mulungwishi. Kaka yake, ku masomo yake, atatangazwa wa ine, nyuma ya batatu. Uyu wako akimupita, ataenda yeye. Akikosa, atasaidia mama yake kuuza vitumbula kule Buluo, pa mulango wa gereza. Minye siko mutu mubaya."

Kweli hakuwa mbaya. Ndicho kilichoniudhi.

Basi nikakaa mezani nikawaandikia watoto wote kumi na saba, kila mmoja asilimia yake, zote za uongo. Yule msichana nikamweka juu kabisa. Wa mwisho nikamkadiria vizuri, asilie.

Siku yenyewe tuliazima mabenchi ya kanisa. Akina mama walikuja wamejifunga vikwembe vya Jumapili. Nikasimama, na sauti yangu ya zamani ikarudi, ile ya mbuzi, na nisiwadanganye, nilijisikia vizuri sana. Nikaita jina lake: wa kwanza. Makofi, vigelegele. Baba yake alifunga macho, midomo ikicheza. Sasa, wa kwanza hupewa zawadi, daftari au sabuni. Mimi sikuwa na daftari wala sabuni. Juu ya meza kulikuwa na jiwe letu. Nikalichukua nikamtia mkononi.

Mjinga mimi.

Watoto wote kumi na sita wakanyamaza mara moja, wakamgeukia. Yeye akalitazama jiwe, akangoja wazazi wamalize makofi.

"Madame, minye siko wa kwanza," alisema. "Kwa kusoma, nabapita bote. Kwa mahesabu, uyu ananipita, na ule wa kule pia. Hatukupimwa. Sijue ile asilimia ilitoka wapi."

Alisema kwa adabu kabisa, kama alivyosema kila asubuhi. Mimi nilikuwa nimeshika karatasi na sikujua niiweke wapi.

Baba yake hakupiga kelele. "Nani alikufunza kukatalia Madame mbele ya bantu?"

"Ni Madame."

Mtu mmoja akacheka. Baba akaja mbele, akalitoa jiwe mkononi mwa mtoto, akalirudisha mezani, akaniambia, "Aksanti, Madame." Wakaondoka kwa miguu. Mzazi mmoja akasema niendelee, wengine wanangoja. Nami nikaendelea. Niliwasoma wote mpaka wa kumi na saba.

Jioni nilikwenda kwao. Nilimwambia baba kwamba mtoto huyu anasoma kuliko kaka yake, na kuliko watoto wengi wa sekondari. Nilisema maneno mengi, mpaka niliona haya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Madame, uliandika uongo mara moja. Sasa niamini gani?"

Nikaaga, nikatoka. Msichana alikuwa uani anasugua sufuria kwa mchanga. Aliniuliza kama alikosea. Nikamwambia hapana, hakukosea. Akaendelea kusugua.

Kwetu hapakuwa na likizo, kwa sababu mashamba ya mama zao hayakuwa na likizo. Jumatatu tulikaa kwenye mkeka. Mtoto wa zamu, mwenye miaka minane, akauliza: nani hayupo, na kwa nini? Akalitaja jina la yule msichana. Wote walikuwapo siku ya proklamasyo na wote walijua. Lakini hakuna aliyetaka kulishika jiwe. Walilisukuma kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, likabingirika kwenye mkeka mpaka likagota goti langu.

Nikaliokota.

"Iko Buluo," nilisema, "anauzisha vitumbula, kwa sababu minye nilisema uongo na yeye alisema kweli."

Mtoto wa zamu akatikisa kichwa kukubali, vile vile alivyotikisa kwa malaria na kwa kilio, akauliza nani anataka kuanza kazi.