Papa mdogo wa kwenye chupa alivyojaza wazazi kwa gate ya shule yetu, Ishiara

Wakuu, salamu kutoka Mbeere. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijatia chumvi. Jina la msichana tu ndio nimebadilisha.

Mimi ni mwalimu wa bayolojia, shule ya wasichana huku upande wa Ishiara. Rafiki niliyesoma naye chuo, ambaye sasa anafanya utafiti wa bahari huko Pwani, alinipa papa mdogo aliyehifadhiwa kwenye chupa ya spiriti. Anaitwa papa-taa.

Msifikirie wale wa sinema. Huyu ni mfupi kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Mweusi, macho makubwa, anaishi chini kabisa ambako jua halifiki. Tumboni ana vitaa vidogo vidogo. Akiviwasha, mwanga wake unafanana na ule hafifu wa kutoka juu, kwa hivyo adui aliye chini yake hamwoni.

Form Three walipenda hiyo lesson.

Kesho yake asubuhi, msichana mmoja, nimwite Wanja, akaanza kutetemeka class akilia kwamba samaki anamwangalia. Wenzake wawili wakaanguka kwa hofu, ingawa waliinuka baada ya dakika chache. Habari ikatoka jikoni ikafika sokoni: mwalimu ameleta shetani kwa chupa.

Kabla ya lunch wazazi walikuwa wamejaa gate. Wengine na rungu.

Principal aliniambia nitoke na mlango wa nyuma. Sikuweza, kwa sababu Wanja alikuwa amelala staffroom, mwili moto, maneno hayaeleweki. Gari la shule lilikuwa tayari kumpeleka hospitali Embu. Baba yake akasimama mbele ya gari. Alitaka apelekwe maombi kwanza, wamtoe hiyo kitu.

"Mwalimu, hii si ya hospitali," akasema. "Hiyo samaki yako inawaka kwa giza. Mtoto wangu ameiona."

Nilijaribu kueleza kwamba taa za papa huwashwa na homoni za mwili wake akiwa hai. Nani angesikiliza? Nyuma yake watu walikuwa wanasukumana.

Nikaenda lab, nikaleta chupa, nikaifungua mbele yao. Wote wakarudi nyuma, isipokuwa yeye. Ni mfugaji, amechinja mbuzi maisha yake yote. Nikamwomba asogee aone nikimpasua huyo papa.

Kwa haraka yangu nikajichoma na mwiba wa mgongoni mwa papa.

Kwanza likatoka ini, kubwa ajabu, limejaa mafuta yanayomsaidia kuelea. Chini yake kulikuwa na watoto. Papa wadogo wanne, kila mmoja na kiini cha yai bado kimeshika tumboni. Wakuu, hata mimi sikujua wako humo. Huyu samaki hatagi, mayai yanaanguliwa ndani yake.

Kelele zikapungua. Baba Wanja akainama, akagusa mmoja kwa kidole.

"Alikuwa na mimba."

"Ndio, mzee. Ni mnyama tu. Na akikufa, taa zake huzima. Lakini Wanja yuko hai na anaungua. Tafadhali, tumpeleke."

Alipangusa kidole kwa koti, akaingia kwa gari mwenyewe, akaweka kichwa cha binti yake kwa mapaja. Mapasta wawili waliokuwa wamekuja na wazazi wakapanda pia, wakaomba njia nzima hadi Embu.

Ilikuwa malaria, imeanza kupanda kichwani. Daktari alisema kama wangengoja hadi jioni, angekuwa anawaambia habari ya msiba. Wanja alipona, amerudi class.

Si wote waliridhika. Principal aliniamuru nimzike huyo papa ndio shule itulie. Nilimzika nyuma ya lab pamoja na watoto wake, na iliniuma.

Nilichojifunza: nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni, ya kuwaita washamba. Ningeyasema, lile gari halingetoka. Mtu akiwa na hofu, mwache aangalie na aguse mwenyewe.

Walimu mlio humu, na wazazi pia, mngefanyaje? Mkiona nilikosea mahali, semeni tu, nasoma zote.