Pua ya Mama Aroni

Siku mgeni rasmi alipokuja kuzindua jiko la gesi la shule yetu alisema mradi ule ni wa watu. Nilimsikiliza nikiwa mstari wa mbele, aproni mpya, kofia nyeupe kichwani. Nyuma ya umati, karibu na tangi la maji, alisimama mwanamke aliyepika katika shule hiyo miaka ishirini na mitano. Naandika habari zake kwa sababu kwenye hotuba hakutajwa, na kwa sababu katika yaliyompata mkono wangu upo.

Jina lake la ubatizo ni Severina, ila shule nzima ilimwita Mama Aroni, kwa jina la mwanawe wa pekee. Alizaliwa Nyololo, kule Mufindi, akaja Mbeya mwaka 1999 kumfuata mume aliyekuwa anapakia mbao Iyunga. Mume alifariki mapema. Aroni alikua, akaenda Tunduma kutafuta maisha, na huko maisha yakamshika, akawa anatuma salamu tu. Mama Aroni akabaki na jiko la shule ya bweni, wasichana mia sita na zaidi, masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani yake, na mwiko mrefu kumpita yeye mwenyewe.

Mimi naitwa Tusekile. Nilifika pale nikiwa sijui hata kuwasha kuni mbichi, na yeye ndiye aliyenifundisha. Alikuwa mkali. Ukikoroga ugali kwa uvivu alikunyang'anya mwiko bila kusema neno, akaukoroga mwenyewe mpaka ukaona aibu. Lakini ukiumwa, kazi yako aliifanya yeye, na mkuu wa shule hakujua.

Tulipikia mabanzi ya misonobari, yale maganda ya magogo yanayobaki viwandani, yanaletwa na malori kutoka kwao Mufindi. Banzi la msonobari lina utomvu. Linashika moto upesi na linatoa moshi mweusi unaonata kooni. Asubuhi za mwezi wa saba, Mbeya inapokuwa na baridi ya kukata masikio, walimu walipita jikoni kuota moto wakatuambia tuna bahati. Walikaa dakika tano, wakatoka wanalia machozi. Sisi tulikaa humo mpaka jioni. Wapishi wote wanne tulikuwa tunakohoa, na mtu akikohoa hakuna aliyegeuka kumtazama.

Mama Aroni alianza kama kibarua na kibarua akabaki. Kila muhula jina lake liliandikwa upya kwenye daftari la ofisini, kwa penseli. Alichokitaka hapa duniani kilikuwa barua ya ajira, yenye muhuri, inayosema huyu ni mpishi. Nilimcheka siku moja, nikamwambia barua hailiwi.

"Tuse, wewe bado mtoto," akaniambia. "Mimi nikifa, watasoma wasifu wangu pale kigangoni. Watasema nini? Alizaliwa, akakoroga, akafa?"

Nilicheka tena. Yeye hakucheka.

Siri yake niliijua mwaka wangu wa pili. Maharage yaliungua kwenye sufuria la mwisho, karibu naye kabisa, na harufu ilifika mpaka darasani. Yeye alikuwa anachambua mchele kwa utulivu wa mtu aliye kanisani. Nilipokimbia kuondoa moto aliniangalia, akaelewa kwamba nimeelewa. Jioni akaniita nyuma ya stoo.

"Pua yangu imekufa," akasema. "Sijui lini. Iliondoka kidogo kidogo, kama mpangaji anayehamisha vyombo bila kuaga. Ukimwambia mtu, wataniondoa."

Sikumwambia mtu. Tangu siku hiyo tukawa na desturi yetu. Kila sufuria lilipokaribia kuiva, alisema, "Tuse, nipe pua." Nilipita nikinusa moja baada ya jingine, nikasema bado, bado, hili tayari, hili punguza kuni. Mengine aliyajua mwenyewe. Ugali aliusikiliza kwa mlio wa mwiko, wali aliupima kwa mvuke shavuni. Wenzetu Devota na Bupe walidhani ananifundisha kazi. Kwa miaka tisa hakuna chakula kilichoungua tena, na sifa zilikuwa zake. Sikuona wivu. Nasema kweli, miaka hiyo sikuona wivu.

Kisha serikali ikaja na mradi. Shule, magereza na hospitali, kila mahali panapopikiwa watu wengi, kuni na mkaa basi. Mbeya ikatengewa fungu lake: majiko ya gesi, karakana ya kuyatengeneza, ghala la mitungi, vijana wa kufunga mabomba. Magari yenye nembo yalijaa Iyunga. Tuliambiwa ajira, ajira, ajira, mpaka neno likaisha ladha. Ila safari hii ilikuwa kweli. Mkuu wa shule alituita akatusomea: wapishi wote wa zamani watapimwa, watakaofaulu mafunzo watapewa mikataba ya kudumu, na mmoja atakuwa mpishi mkuu. Mama Aroni aliomba asomewe tena. Akasomewa. Akatoka nje, akakaa juu ya rundo la mabanzi, akafunika uso kwa khanga. Nilikaa pembeni yake. Kwa mara ya kwanza nilimwona analia bila moshi.

Mafunzo yalikuwa ya wiki mbili. Mkufunzi alikuwa Edmund, kijana wa Iringa mjini, mpole, aliyetuamkia "shikamoo mama" mmoja mmoja kabla ya kuanza. Mama Aroni aliwaacha wote nyuma. Alijua moto kuliko Edmund mwenyewe, akamwonyesha kwamba sufuria letu likiwekwa katikati ya jiko lile jipya litaungua upande mmoja. Edmund akaandika kwenye daftari lake. Siku ya kumi akasema kesho kutakuwa na jaribio la mwisho.

"Gesi hii imetiwa harufu mbaya makusudi, mama zangu," alisema. "Sabuni inathibitisha uvujaji, lakini pua ndiyo inayougundua kwanza. Asiyesikia harufu simwachii jiko, hata awe hodari vipi. Bweni lipo hatua thelathini kutoka hapa."

Sikuthubutu kumtazama Mama Aroni.

Jaribio, kama alivyotueleza, lilikuwa hivi. Kwenye kibanda cha wavu kulikuwa na mitungi mitatu mikubwa. Mpishi aligeuzia kibanda mgongo, Edmund akalegeza kidogo mpira wa mtungi mmoja, kisha mpishi akaingia, akapita mtungi kwa mtungi, akasema ni upi. Tuliobaki nje ya wavu tuliona ni upi. Asubuhi hiyo, tukifua aproni, Mama Aroni alinishika mkono.

"Nikifika kwenye mtungi wenyewe, wewe kohoa," akasema. "Nitasikia."

Nikakubali. Tulikuwa wajinga kiasi gani? Mtu mwenye akili angechagua kudondosha kijiko. Sisi, wanawake wanne tuliomeza moshi miaka yote ile, tukachagua kikohozi.

Devota alipita. Bupe alipita. Mimi nilipita, harufu ikanipiga kama yai viza. Zamu ya Mama Aroni ilipofika aligeuka mgongo, ameinua kichwa, kitambaa kimefungwa vizuri. Edmund akalegeza mtungi wa tatu. Mama Aroni akaingia. Akasimama kwenye wa kwanza, akainama, akavuta hewa vizuri kabisa kama mtu anayesikia. Akahamia wa pili.

Hapo kifua changu kikanibana. Kilikuwa kinanibana tangu alfajiri. Nilifunga mdomo, nikameza mate, nikasogea mbali na wavu, lakini kikohozi hakiombi ruhusa. Nilikohoa mara mbili, kwa nguvu, machozi yakanitoka.

"Huu hapa," Mama Aroni akasema, mkono juu ya mtungi wa pili.

Edmund alimpenda, ilionekana. "Mama, una uhakika? Ukipenda zunguka tena. Hatuna haraka."

Mama Aroni akanitazama kupitia kwenye wavu. Alikuwa ananiuliza. Ningeweza kutikisa kichwa. Ningeweza kungoja ahame, nikakohoa tena kwenye wa tatu, na angezunguka, na angepata. Nilikuwa na muda wa kutosha kuwaza mambo mawili. La kwanza lilikuwa bweni, na wasichana waliolala, na mimi nikiwa likizo siku mtungi utakapovuja. Hilo ndilo ninalowaambia watu. La pili lilikuwa kwamba akishindwa yeye, mpishi mkuu ni mimi. Nikainamisha macho nikaangalia viatu vyangu.

"Nina uhakika, baba," akasema.

Edmund akafunga mpira wa mtungi wa tatu mbele yake, polepole, ili aone. Mama Aroni alitoka kibandani, akavua kitambaa, akakikunja mara nne.

Siwezi kuilaumu kanuni, na hicho ndicho kinachonitia hasira mpaka leo. Kanuni ilikuwa ya haki. Daktari alimpima, akasema ni moshi wa miaka mingi, hautibiki. Mkuu wa shule alimwonea huruma, akasema mikataba ni ya wapishi waliofaulu tu, na kazi nyingine hakuna. Kila mtu alikuwa muungwana. Pua ile iliteketea ikipikia watoto wa nchi hii, na siku nchi ilipokumbuka kwamba moshi unaua, ilimkuta hafai tena kuokolewa. Hakukuwa na dirisha la kupeleka jambo hilo. Nilitafuta.

Siku ya uzinduzi walimwita mbele mara moja. Waliobaki bila kazi, wa kwetu na wa shule za jirani, walipewa kila mmoja mtungi mdogo wa gesi na jiko lake, wapige picha na mgeni rasmi. Mama Aroni alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema asante. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Wiki hiyo hiyo akafunga mizigo, akarudi kwao Nyololo.

Barua yangu ilitoka miezi miwili baadaye. Muhuri, sahihi, jina langu kamili, mpishi mkuu. Niliificha chini ya godoro kama kitu cha wizi. Nilikaa nayo mpaka mahindi yakakauka mashambani ndipo nikapiga moyo konde, nikanunua mchele wa Ubaruku, nikapanda basi la Iringa.

Nilimkuta uani, nyuma ya nyumba ya marehemu baba yake, anapika kwenye mafiga matatu. Amekonda. Kikohozi chake kilikuwa kimeshuka chini kabisa.

"Kamwene," akanisalimu kwa Kihehe, kama alivyozoea kunitania.

"Kamwene, mama."

Alifurahi, nisiseme uongo. Aliupokea mchele, akaushika viganjani, akausifu punje zake. Ndani, mtungi wa gesi ulikuwa sebuleni, umefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake picha ya Aroni. Haukuwahi kuwashwa. Nilipouliza alisema, "Naishi peke yangu, Tuse. Ukivuja nani ataniambia?"

Tulikula. Kisha akasema nilete barua, alijua nitakuja nayo. Alijifuta mikono, akaisoma mwenyewe taratibu, mdomo ukicheza, kuanzia kichwa cha barua mpaka kwenye muhuri. Akapitisha kidole juu ya muhuri. Akanirudishia.

"Nzuri," akasema. "Angalau imekuja kwa mtu wangu. Nakwambia, kama si kile kifua chako siku ile, tungekuwa wote. Mungu hakutaka."

Hapo ningenyamaza. Alikuwa ameshanisamehe jambo dogo, na jambo dogo lilitosha kutuweka pamoja mpaka siku ya kufa kwake. Lakini alikuwa ananitazama kwa upendo, na sikuweza kuubeba ule upendo mpaka Mbeya.

"Kikohozi kilikuwa cha kweli, mama," nikasema. "Ila uliponiangalia niliona. Nilijua unaniuliza. Nikaangalia chini."

Akachukua sahani yangu, akaiweka juu ya yake, akapanga vijiko.

"Uliiona nafasi," akasema hatimaye.

"Niliiona."

"Haya." Akainuka, akamimina maji kwenye beseni, na akiwa amenipa mgongo akaniambia, "Basi la saa tisa huwa haliwahi, lakini siku nyingine linawahi. Nenda."

Nilichukua mkoba wangu. Kwao mgeni haondoki peke yake. Hata aliyekuja kudai hufika na mwenyeji wake barabarani, wakasimama pamoja mpaka gari lije, na mwenyeji akimbebea mzigo. Nilitembea polepole, nikapita migomba, nikapita nyumba ya jirani, nikitega sikio nisikie ndala zake nyuma yangu. Mpaka lami nilifika peke yangu, na watu waliokaa kwenye vibanda vya viazi walinitazama, wakajua kwamba nimefanya jambo.