Ng'ombe Aliyesubiri Visa

Juzi, nilipokuwa nikinunua tiketi kwenye ofisi ya tiketi za ndege Kahama, mama mmoja wa Ushetu aliweka mezani barua ya kunyimwa visa. Alitaka kwenda kumwona mjukuu wake ughaibuni.

"Pole, mama. Nauli itarudi baada ya wiki sita, ila kuna makato," akasema karani.

Mama akampigia simu shemeji yake, aliyemnunua ng'ombe wa mama huyo ili mama apate nauli. Walikubaliana ng'ombe asichinjwe mpaka jibu la visa litoke.

"Shemeji, wamenikatalia. Nauli itarudi baada ya wiki sita, tena kwa makato."

"Njoo umchukue leo," shemeji akajibu kwenye spika ya simu. "Hela utaleta ikitoka. Makato yangu ni maziwa niliyokwisha kunywa."

Mama akacheka, akaikunja barua. "Basi mjukuu aje yeye, maziwa yapo."

Nikasoma masharti ya tiketi yangu mpaka mwisho. Heri masharti ya ng'ombe.