Kipande cha Naguru

Kosa ni langu. Msinitafutie wa kugawana naye lawama, na msiniambie eti zama zile za utawala wa wanajeshi kila mtu aliteswa. Najua! Lakini mdogo wangu aliteswa kwa sababu ya kichwa changu kigumu.

Wazazi wetu walikufa mapema. Mimi mkubwa niliacha shule darasa la sita, nikaingia kazi katika duka la picha mtaa wa Katwe ili Yusufu asome. Alisoma kweli. Nami nikaijua kamera, hata mwenye duka alipolazimika kuhama nchi akaniachia ufunguo.

Asubuhi moja baada ya mvua, hewa ikiwa safi, nilipanda kilima cha Kibuli. Nikaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, nikawa naigeuza kidogo kidogo na kupiga, kila picha ikishika ukingo wa iliyotangulia. Nikaziunganisha dukani, ukuta mzima: moshi wa mafundi wa Katwe, mji, vilima vya Kololo na Naguru, kisha mabwawa ya mafunjo na ziwa likimeta kwa mbali. Lo, nchi yetu ilivyo nzuri! Wateja walisahau kilichowaleta.

Yusufu hakusahau kitu. Aliitazama, akashusha sauti.

"Kaka, toa kipande cha Naguru."

"Kwa nini?"

"Pale ni kwa polisi, wanakofungia watu. Siku hizi ukinyoosha kidole tu upande ule, unaulizwa."

"Nikikitoa, Kololo itagongana na ziwa."

"Basi acha pengo."

"Picha yenye pengo ni kinywa cha bibi!"

Tulicheka. Lakini kesho yake alikuja na mkasi mkononi, hacheki tena. Nikamfokea mbele ya wateja: "Nani mkubwa hapa?" Akauweka mkasi mezani.

Ningemsikiliza! Kukata mara mbili tu, kushoto na kulia!

Wiki ile ile waliingia wanajeshi watatu. Mmoja alitembeza kidole ukutani kutoka kilima hadi kilima, kikasimama Naguru.

"Nani napiga hii picha?"

Kabla sijafungua mdomo, Yusufu alisogea mbele.

"Mimi, afande."

"Na huyu?"

"Huyu?" Yusufu akacheka kwa dharau. "Huyu hata darasa la sita hakumaliza. Kamera ataijulia wapi? Anafagia tu."

Wanajeshi wakaangua kicheko. Nami, Mungu anisamehe, nilimkasirikia! Mimi niliyeacha shule kwa ajili yake! Damu ilinipanda kichwani, nikampa mgongo. Nilipotambua mdogo wangu anafanya nini, walikuwa wamekwisha kumsukuma garini. Hata hapo ningeweza kukimbia nje nipige kelele kwamba ni mimi. Sikutoka. Si hasira tena. Woga!

Walikibandua kipande cha Naguru wakaenda nacho. Vingine waliviacha vikining'inia. Pengo nililolikataa wakanitengenezea wao.

Yusufu alirudi, wengi hawakurudi. Lakini vidole vyake vya mkono wa kulia havikunjiki. Aliyesomeshwa hawezi kushika kalamu! Serikali ile imekwenda zake, sisi bado tunaishi chumba kimoja, na kila asubuhi anageuza kiti chake kuelekea ukuta, asione vilima dirishani. Namnyoa, namfunga vifungo vya shati. Hajanitukana hata siku moja. Laiti angenitukana!

Nawachukia wale watu mpaka leo. Lakini si wao waliodai heshima ya ukubwa mbele ya mdogo wangu. Hiyo niliidai mwenyewe.

Nyinyi mliolea wadogo zenu, msidhani mkate mliowapa umewanunulia nyinyi haki ya kutowasikiliza. Mdogo wako akikujia na mkasi, kata! Juzi, nikimfunga kifungo cha shingoni, nilimwomba radhi kwa mara ya kwanza. Akasema, "Kaka, pengo lile lisingeua picha."

Kisha akaugeukia ukuta wake.