Siku Nilipouachilia Ukuta

Jumapili, 9 Novemba 2008. Asubuhi wingu zito, mchana manyunyu, sasa ni upepo tu.

Mwanangu, mvua ya Kitengela ikianza hivi, siku moja ya ujana wangu hunirudia. Sijui kama nitaieleza vizuri. Shule yangu ilikuwa fupi.

Nilikuwa mchonga mawe machimboni, na nilisifiwa. Basi nikajiona fundi wa nyumba pia. Nikajenga vyumba viwili mwenyewe, kiangazi, juu ya udongo mweusi. Kiangazi udongo huu ni mgumu, hata sururu inaruka. Wenzangu waliniambia nichimbe msingi mpaka nifikie mwamba. Nikacheka. Si haki kusema sikuonywa.

Mvua ikaja, udongo ukavimba. Ufa ukaanza juu ya dirisha, ukashuka. Alasiri moja ukuta wa nyuma ukaanza kulalia ndani. Nikaukingia boriti, nikaisukuma kwa bega, miguu inateleza, vumbi la simiti linaniingia machoni. Mke wangu Nafula alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni.

"Toka, Baba Wekesa!"

"Tokeni nyinyi. Nikiachilia unaanguka."

"Basi tutabaki na wewe." Akaingia, akashika boriti.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mawe yalikuwa yanalia. Na bado, mwanangu, sikuachilia. Niliona kwamba nyumba ile ikianguka, mimi si mtu tena.

Jirani yetu Mzee Lemayian, Mmaasai mwenye ng'ombe, akachungulia dirishani, shuka imelowa.

"Kijana, hiyo ukuta ni mama yako?"

"Mzee, nisaidie kushika!"

"Mimi sishiki. Ng'ombe ikizama kwa matope, mtu hashiki mkia mpaka azame na yeye. Mkono yako inajua mawe. Udongo hii haijui. Sasa aibu iko wapi? Toa mama na mtoto!"

Nikamwapia Nafula kwamba namfuata. Alipovuka kizingiti nikaachilia boriti, nikaruka. Ukuta ukaanguka nyuma yangu, na paa likafuata. Nililia matopeni mbele ya watu. Mzee akacheka. Hadi leo naona alikosea kucheka, lakini ndiye aliyetulaza kwake mpaka mvua ikaisha.

Nikarudi machimboni. Nyumba tunayokaa sasa, mawe nilichonga mimi. Msingi alichimba mtu mwingine, fundi mwenye maneno mengi, lakini kazi yake haina ufa.

Wa kale walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Kwa hivyo mwanangu, kabla hujang'ang'ania kitu, tazama kwanza ni nani amesimama chini yake pamoja nawe. Na usichoweza, sema huwezi, ungali mtu kamili. Mungu akupe nguvu ya kazi yako, akuondolee aibu ya kazi isiyo yako.

Jioni tumekula ugali, mrenda na omena. Nafula ameweka chumvi nyingi, au labda ni mdomo wangu.